Kabla Kijana Hajarisiti Sayansi

Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwishoni mwa Januari, na mwishoni mwa Januari Ufipa yote ni kijani. Mahindi yamefika magotini, mvua haipitishi siku mbili, na ghalani yamebaki magunia ya kula tu. Hapo ndipo simu zinapoanza kuita, kutoka Laela na Matai, kutoka Namanyere, kutoka Kirando kule ziwani na Mtowisa kule chini bondeni. Mjomba anauliza. Shangazi anauliza. Mama anasema bado hatujaangalia, ingawa ameshaangalia mara tatu kwenye simu ya jirani. Kijana mwenyewe yuko chumbani, amejifunika blanketi, anasubiri kusikia watu wazima wameamua nini juu yake. Arisiti, yaani arudie mtihani, au asirisiti?

Nimefundisha kemia na baiolojia miaka mingi katika mkoa huu wa Rukwa, na kila mwaka wazazi hunijia na swali hilo. Siku hizi simjibu mtu kabla yeye hajanijibu mimi: arisiti ili aingie wapi? Wengi hunyamaza. Baba mmoja aliniambia, "Ili afaulu, mwalimu." Nikamuuliza, akishafaulu aende wapi? Akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama chini. Hawakuwahi kuzungumza habari hiyo hata siku moja.

Mzazi mwenzangu, anza hapo. Kijana anayerisiti bila kujua mlango anaoutaka hupoteza mwaka wa pili kama alivyopoteza wa kwanza. Anayeujua mlango mara nyingi hugundua kwamba anahitaji somo moja au mawili tu, na wapo wanaogundua kwamba hawahitaji kurisiti kabisa.

Tuyasome matokeo yenyewe, maana nyumba nyingi huishia kwenye neno "divisheni" na hazisogei zaidi. Baraza la Mitihani hutoa A kuanzia alama 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45 na D kuanzia 30. Chini ya hapo ni F. Daraja hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi 26 hadi 33 ni daraja la nne. Pointi 34 na 35 ndiyo ziro.

Sasa itazame hiyo D tunayoidharau. D ni ufaulu. Kwa kidato cha tano haitoshi, kwa sababu huko wanataka C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, na kama ni tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au PCM (fizikia, kemia na hisabati), basi uzito uko kwenye masomo yale yale matatu. Lakini kwa vyuo vingi vya kati, D hiyo hiyo inafungua mlango. Mwongozo wa udahili unaotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, umekuwa ukitaka, kwa stashahada ya utabibu na ya uuguzi na ukunga, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo kemia, baiolojia na fizikia. Kwa famasia, kemia na baiolojia ndizo za lazima. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi. Mwongozo huo hutolewa upya, kwa hiyo usome wa mwaka huu, usome wenyewe, na usiridhike na alichosema kondakta wa daladala.

Nitaeleza ya binti wa dada yangu, kwa ruhusa yake. Alipata C ya Kiswahili na C ya uraia, kisha D tano: baiolojia, kemia, Kiingereza, jiografia na historia. Fizikia F, hisabati F. Ukijumlisha ni pointi 26, daraja la nne. Baba yake alikasirika, akatangaza mbele ya wageni kwamba mwaka ule angerudia masomo yote tisa, na asiporudia aolewe. Binti alilia siku mbili. Siku ya tatu nikamwita, nikamuuliza anataka nini. Akasema uuguzi, tangu alipomuuguza bibi yake. Tukafungua mwongozo. Kemia anayo, baiolojia anayo, masomo manne anayo zaidi ya manne. Kati yake na uuguzi kulikuwa na kitu kimoja: fizikia.

Mtahiniwa anayerisiti anaruhusiwa kuchagua masomo machache, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kurisiti. Anaweza kusajili somo moja. Cheti cha kwanza hakifutwi na cha pili. C yake ya Kiswahili inabaki pale pale hata kama mwaka unaofuata hakuligusa somo hilo. Yule binti alisajili fizikia, akaongeza hisabati kwa kujaribu. Mwaka mzima alikuwa na masomo mawili badala ya tisa. Fizikia alipata D, hisabati akapata F tena, na leo anavaa gauni la uuguzi. Baba yake sasa ndiye anayewasimulia watu.

Kuhusu fizikia hiyo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wetu wengi wanapokwama na ndipo hesabu inapoleta matumaini. Fizikia, kemia na baiolojia kila moja ina karatasi mbili. Ya kwanza ni ya nadharia, saa tatu, alama 100. Ya pili ni ya vitendo maabara, saa mbili na nusu, alama 50. Jumla 150. Anayetafuta D anahitaji asilimia 30 ya hizo, yaani 45. Kijana aliyeshika vizuri kupima, kuandika jedwali, kuchora grafu na kutafuta mteremko wake akipata 30 katika vitendo, amebakiza 15 tu katika karatasi yenye alama 100. Anayetafuta C anahitaji alama 68 hivi. Hizo 30 za vitendo zimemfikisha karibu nusu ya njia. Sasa niambie, ni vijana wangapi wanaorisiti ambao hukaa mwaka mzima wakikariri nadharia, wasiguse pendulamu wala bureti mpaka siku ya mtihani? Wengi mno. Theluthi nzima ya alama wanaiacha mezani.

Ndiyo maana unapotafuta kituo cha kurisitia sayansi, swali la kwanza liwe maabara. Ingia uione. Uliza watafanya mazoezi ya vitendo mara ngapi kabla ya Novemba, na nani atayasimamia. Kituo kinachokuonyesha mabango ya waliofaulu na hakikuonyeshi kabati la vifaa, ondoka. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia kijana wangu katika kituo kimoja kilichoniahidi mwalimu wa kemia; hadi Agosti mwalimu huyo hakuwa ameonekana, na fedha hazikurudi. Nililipa kwa kuharakisha, kwa aibu ya kutaka watu waone kwamba nimechukua hatua.

Kabla ya kituo kuna swali lingine, gumu zaidi, na hili lazima kijana mwenyewe alijibu: kwa nini F? Muulize kwa sauti ya kutaka kujua. Zipo sababu ambazo mwaka mmoja unaweza kuziondoa na zipo ambazo hauziondoi. Kama shule haikuwa na mwalimu wa fizikia kwa miaka miwili, na sasa atampata, kurisiti kuna maana. Kama aliugua wakati wa mtihani, au alikuwa akitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na mwaka huu atakaa kwa shangazi mjini karibu na maktaba, kuna maana. Kama sababu zitabaki vile vile, nyumba ile ile, jembe lile lile, giza lile lile jioni, basi matokeo nayo yatafanana na ya kwanza, na safari hii yatamuumiza zaidi.

Sababu moja haisemwi sana nayo ni lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha akakutana na fizikia kwa Kiingereza. Nimewahi kumpa kijana swali alilokosa kwenye mtihani, nikamtafsiria tu, bila kumwelekeza, akalijibu lote akiwa amesimama. Huyo hakuhitaji tuisheni ya fizikia pekee. Alihitaji daftari la maneno mia mbili au tatu ya somo lile, kila neno na maana yake na mfano wake, akizoezwa kusoma swali polepole hadi aelewe ameulizwa nini. Baraza la Mitihani huchapisha kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, nao unapatikana bure kwenye tovuti yake. Humo wanaeleza swali kwa swali wapi watahiniwa walikosea, na wanaonyesha majibu mazuri na mabaya yaliyoandikwa kwa mkono. Mara nyingi wanataja jambo hilo hilo: mtahiniwa hakuelewa swali. Kwa anayerisiti sijui kitabu kinachofaa zaidi ya hicho. Kiprintiwe cha miaka mitatu au minne, pamoja na fomati ya mtihani, na awe navyo kuanzia wiki ya kwanza.

Na tusilirudie lile la kusema mtoto amerogwa. Wazee wanaeleza kwamba jina la Sumbawanga lenyewe ni agizo la kuutupa uchawi. Tulitii basi. F ya kemia ina sababu zake, na zinaonekana ukizitafuta. Wakati mwingine sababu haimo hata ndani ya mtoto. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walipata ziro. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, mwenyeji wa Katavi iliyokuwa imemegwa kutoka Rukwa mwaka mmoja tu kabla, aliunda tume ya kuchunguza, na matokeo yakapangwa upya na kutangazwa tena. Watoto waliokwisha kuitwa wajinga majumbani mwao wakaamka wana madaraja mengine. Waliokuwa wametukanwa hawakuombwa radhi.

Sasa kalenda, maana Ufipa ina kalenda yake na Baraza lina yake, na hazipatani. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, na anayechelewa hutozwa zaidi. Hiyo ndiyo miezi ambayo nyumba ya mkulima haina kitu. Fedha ya mahindi iliishia kwenye mbolea na palizi, na ya msimu mpya haitaonekana hadi baada ya mavuno, Julai au Agosti wanunuzi wanapofungua mizani. Halafu mtihani wenyewe ni Novemba, mvua za kwanza zinapoanguka na kila mwenye mikono anahitajika shambani nyuma ya plau. Kijana wa shule ana udhuru, yuko bwenini au darasani. Kijana anayerisiti yuko nyumbani, na kila mtu anamwona kama mtu asiye na kazi.

Kwa hiyo fedha ya kurisiti itengwe msimu uliotangulia, magunia mawili au matatu yakiwekwa kando kwa jina la mtoto kabla hata matokeo hayajatoka. Akifaulu, yatamfaa kwa godoro na sanduku la shule. Na Oktoba na Novemba ziwe zake. Mkae kama familia, baba atamke mbele ya wote kwamba miezi hiyo miwili huyu haendi shamba. Kwa binti ongeza maji, kuni na kupika, kwa sababu kaka yake anaporisiti huonekana anasoma, lakini yeye anaporisiti huonekana amerudi nyumbani. Nimeona mabinti wenye akili kali wakifeli mara ya pili kwa sababu hiyo moja. Na kama binti aliacha shule kwa ujauzito, asifichwe: tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu warejee shuleni, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wa kuwasomesha walio nje ya mfumo. Ofisi ya Afisa Elimu wa wilaya itakuelekeza.

Ujue pia kwamba anayerisiti anaingia mtihani mikono mitupu. Mwanafunzi wa shule ana alama za kazi za darasani zinazomsaidia. Mtahiniwa wa kujitegemea anategemea kile atakachoandika Novemba tu. Namba yake ya mtihani, iliyokuwa ikianza na S ya shule, sasa itaanza na P. Wapo vijana wanaoionea aibu herufi hiyo. Waambie hakuna chuo kitakachowauliza habari zake.

Je, aliyepata ziro? Hapa nitasema wazi ingawa wapo watakaonikasirikia. Aliyepata F karibu masomo yote asikimbilie fizikia na kemia ili awe daktari mwakani. Aanze na masomo anayoweza kuyapata, manne au matano, apate cheti kwanza. Au apumzike mwaka mmoja afanye kazi halali, kisha arudi akiwa na sababu yake mwenyewe. Hakuna sheria inayosema lazima arisiti mwaka huu huu. Na wapo ambao kurisiti si njia yao kabisa. Sumbawanga sasa tuna chuo cha ufundi cha VETA cha mkoa, na kijana aliyetengeneza redio ya babu yake akiwa darasa la sita, aliyelala fizikia ikifundishwa ubaoni lakini akaamka ilipoletwa betri, huenda akaikuta fizikia yake kwenye umeme wa majumbani. Hajashuka daraja. Baada ya hapo anaweza kuendelea na ngazi za juu, na nyumba za mji huu zinazojengwa kila mtaa zinahitaji mafundi.

Lakini neno "daktari" nalo tulitazame vizuri, kwa kuwa ndilo linalowarisitisha wengi. Mjini kwetu kuna hospitali yenye jina la Dk. Atiman. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu watu wa pwani ile mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka zaidi ya sitini. Hiyo ni sura moja ya neno hilo. Mtoto anaposema "nataka kuwa daktari", muulize anaona nini akilini mwake. Wengi humwona yule mtu wa zahanati ya kijijini aliyewapima malaria na kumshona kaka yao aliyekatwa na panga. Mtu huyo mara nyingi ni tabibu aliyeingia chuoni kwa D za kidato cha nne, au muuguzi. Mlango ule anaoutamani mtoto hauhitaji PCB. Namanyere kuna chuo cha afya cha Mtakatifu Bakhita, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo. Kama kweli anataka shahada ya udaktari, na C zake zimekosa kidogo katika kemia, basi arisiti kemia kwa ajili hiyo, na apambane. Ila awe ni yeye anayetaka.

Maana nimeona mara nyingi ndoto ya baba ikitembea kwa miguu ya mtoto. Baba alitaka kusoma, hakupata nafasi, au alipata ziro enzi zake akaificha. Sasa mtoto anarisiti mara ya pili, ya tatu, umri unakwenda, wenzake wameshamaliza vyuo. Kwa maoni yangu, kurisiti somo lile lile mara ya tatu bila kubadilisha chochote ni kumtesa kijana. Mara moja, kwa maandalizi, ni haki yake. Mara ya pili, kama alama zilipanda, inawezekana. Zaidi ya hapo tukae chini tuangalie upya.

Matokeo yakitoka, basi, ipite wiki moja mtu asiseme neno la uamuzi nyumbani. Mtoto ale, alale, acheze. Kisha siku ya Jumapili, baada ya kutoka kanisani au msikitini, mkae watatu: wewe, yeye, na mtu mmoja anayemwamini, mwalimu, shangazi au kaka aliyemtangulia. Mwe na matokeo yaliyochapishwa, mwongozo wa udahili wa mwaka huu na kalamu. Yeye ndiye azungumze kwanza. Mkiona anahitaji somo moja, andikeni somo hilo, kituo kitakachomfundisha, nani atalipa, na miezi ambayo hataitwa shambani. Mkiona hahitaji, mjazieni fomu ya chuo siku hiyo hiyo. Usajili hausubiri muuze mahindi. Nendeni kituoni mapema, kabla Februari haijaisha.